Kimelea au Kiuaji? Uhakiki wa Istilahi za Viwavijeshi Vamizi

Ubora wa istilahi haupimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa kazi aifanyayo yule anayeitumia. Katika makala hii tunakusudia kuchunguza istilahi tatu zinazotumika katika mafunzo na vipeperushi vya ugani kuhusu mdudu aliyeripotiwa Afrika mwaka 2016 na Tanzania mwaka 2017, ambapo mkoa wa Rukwa ulikuwa miongoni mwa mikoa ya kwanza kumwona. Kwa mkulima wa Sumbawanga mahindi ni chakula na ni fedha pia. Neno likipotosha huko, hasara yake huonekana ghalani.

Istilahi ya kwanza ni "viwavijeshi vamizi". Jina la Kiingereza la mdudu huyu lataja majira ya kupukutika kwa majani. Waliounda jina la Kiswahili walifanya vyema kutotumia neno "vuli", kwani uwanda wa juu wa Ufipa una msimu mmoja tu wa mvua, na vuli ya pwani haijulikani huko. "Vamizi" lasema kweli: asili ya mdudu huyu ni Amerika. Dosari imo katika "jeshi". Kiwavijeshi wa Afrika tuliyemzoea husafiri ardhini kwa makundi makubwa. Huyu mgeni kwa kawaida hujificha ndani ya moyo wa mmea. Mkulima anayengojea kuona jeshi atachelewa. Hata hivyo jina limekwisha kuota mizizi, na kuling'oa kungeleta vurugu. Yatosha kila kipeperushi kianze kwa kueleza tofauti hiyo.

Istilahi ya pili, na ndiyo yenye uzito zaidi, ni "kimelea". Wako nyigu wadogo mno wanaomshambulia kiwavi huyu. Telenomus remus, ambaye urefu wake haufiki milimita moja, hutaga ndani ya mayai ya nondo. Cotesia icipe na Coccygidium luteum hutaga ndani ya kiwavi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 uliwakuta nyigu wa kienyeji wakimshambulia mgeni huyu katika mashamba ya Ethiopia, Kenya na Tanzania. Mtoto wa nyigu humla mwenyeji wake kutoka ndani mpaka afe.

Je, huyu ni kimelea? Mwanafunzi hufundishwa kwamba kupe na minyoo ni vimelea: hunyonya, lakini uhai wa mwenyeji ndio riziki yao. Nyigu huyu hawezi kukamilisha makuzi yake bila kuua. Wala si mbuai, maana mbuai hula mawindo mengi, na mtoto wa nyigu hutosheka na mwenyeji mmoja. Kwa sababu hiyo Odo Morannal Reuter alibuni neno la pekee mwaka 1913. Kiswahili nacho chastahili lake.

Jambo hili si la ubishi wa wasomi. Mkulima akiambiwa kwamba shamba lake "lina vimelea", atakimbilia bomba la dawa. Dawa hiyo itamwua nyigu anayeruka juu ya majani, na kiwavi aliyejificha huenda akasalimika.

Twapendekeza "kimeleauaji", wingi "vimeleauaji", kwa muundo ule ule uliotupa "kiwavijeshi". Wako mabwana shamba wanaopendelea "mdudu rafiki". Hilo lafaa katika mazungumzo, lakini nyuki naye ni rafiki, na hamwui kiwavi yeyote. Kitabu chahitaji neno linalotaja kazi.

Istilahi ya tatu ni "nyigu". Kisayansi ni sahihi, ila msikilizaji hukumbuka mwiba. Mfasiri aongeze maneno "wadogo, wasiodhuru watu". Kazi ya nyigu wa aina hii si nadharia. Mwaka 1981 nyigu kutoka Paraguay walianza kuachiliwa Nigeria dhidi ya kidung'ata wa muhogo, wakaenezwa katika nchi nyingi za Afrika, na Hans Rudolf Herren aliyeongoza kazi hiyo akatunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Twawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa kilimo walijaribu pendekezo letu mbele ya wakulima wenyewe. Likieleweka Laela na Mtowisa, litaeleweka popote. Lisipoeleweka huko, tulitafutie jingine.