Shosho Hakuwa na Kipande

Kuna aina ya kitabu ambacho Waingereza hawachoki kukiandika. Mtu anapanda darini nyumbani kwa nyanya yake, anapata kisanduku cha barua na picha zilizofifia, halafu anatokomea kwenye maktaba za kumbukumbu. Miaka miwili baadaye anatoka na kitabu kinene kuhusu mwanamke ambaye hakuwahi kufanya lolote la kuandikwa gazetini: dobi, fundi wa kushona, mjakazi wa jikoni aliyezaa watoto tisa na kuzika wanne. Nimesoma vichache vya aina hiyo na sitawadanganya, navipenda. Lakini kila nikifika katikati wivu hunishika. Huyo dobi ana karatasi, manze! Usajili wa vizazi, ndoa na vifo ulianza kwao Julai 1837, siku chache tu baada ya Victoria kurithi kiti. Kuanzia 1841 sensa ikaandika majina ya watu nyumba kwa nyumba, kila miaka kumi. Dobi akihama, anaonekana. Akifiwa na mume, anaonekana. Akijipunguzia umri, uongo wake nao unaonekana, na mwandishi anapata sura nzima ya kuchekesha.

Mimi nimekulia Kawangware. Shosho wa shosho yangu, kwa hesabu za nyumbani, alizaliwa upande huu wa Dagoretti miaka michache kabla ya njaa kubwa ya 1898 na 1899, ile ambayo watu wa Kiambu waliiita Ng'aragu ya Rũraya, njaa ya Ulaya. Lugard alikuwa amejenga ngome yake Dagoretti mwaka 1890. Protektoreti ilitangazwa 1895. Malkia alikufa Januari 1901. Kwa hivyo ukitaka kubishana, shosho wa shosho yangu naye ni mwanamke wa enzi za Victoria, sawasawa na yule dobi. Sasa jaribu kumtafuta.

Utaanza na kipande, kwa sababu kila mtu huanza hapo. Sheria yake ni ya 1915, ikaanza kutekelezwa vita vilipoisha, na wanaume wakatembea na karatasi ndani ya kikopo cha chuma shingoni. Wanaume tu. Sensa ya kwanza iliyowahesabu Waafrika nchi nzima ni ya 1948. Usajili wa lazima wa vizazi na vifo ulienezwa kidogo kidogo, na haukufika nchi nzima hadi 1971. Kitambulisho cha taifa nacho kilikuwa cha wanaume mpaka sheria ilipobadilishwa 1978. Wazee wa mtaa husema hiyo ilikuwa bahati, eti akina mama hawakusumbuliwa na polisi kwa ajili ya kipande. Labda. Lakini nchi hii imemchukua Wanjiku, jina la mwanamke, ikalifanya jina la raia wa kawaida, na kwa miongo mingi Wanjiku mwenyewe hakuwa na karatasi ya kuonyesha kwamba yupo.

Basi vitabu vyetu vinafanyaje? Nimekaa navyo vinne kwa miezi kadhaa, vingine kwenye 46 nikielekea tao, na nilichokuwa nauliza ni kimoja: huyu mwanamke aliingiaje kwenye maandishi? Nani alimfungulia mlango, na alitaka nini?

Cha zamani zaidi ni hadithi ya Swema. Alikuwa msichana wa Kiyao, akauzwa, akatembezwa na msafara hadi Kilwa, akavushwa Unguja akiwa amedhoofika kiasi kwamba walimzika akiwa bado hai. Akaokolewa, akapelekwa kwenye misheni ya Wafaransa. Hiyo ni miaka ya 1860. Padri Horner akaiandika hadithi yake, ikachapishwa Ufaransa 1870. Mwanahistoria Edward Alpers ameirudia akitenganisha kwa uangalifu anachoweza kuwa amesema msichana na anachotaka padri. Kazi hiyo naiheshimu, lakini nikikisoma kisa chenyewe nasikia kengele ya kanisa kila mahali. Swema aliandikwa kwa sababu aliokolewa. Kuna wangapi walipita njia ile ile ya Kilwa bila kuokolewa na mtu mwenye kalamu? Na hata huyu mmoja, mateso yake yamepangwa vizuri mno, kila moja likimsogeza karibu na ubatizo. Maisha ya mtu hayana mpangilio hivyo. Palipo na vurugu, mambo yasiyo na faida kwa mchango wa misheni, hapo ndipo ningempata, na hapo ndipo pamepigwa pasi.

Cha pili kina sifa mbaya mtaani kwa sababu ya mada yake, na ndicho bora kuliko vyote: *The Comforts of Home* cha Luise White, cha 1990, kuhusu umalaya Nairobi wakati wa ukoloni. Nilikichukua nikitarajia ripoti za polisi. Zipo, kwa sababu serikali ya kikoloni ilimwona mwanamke wa mjini pale tu alipovunja sheria, au alipodhaniwa analeta ugonjwa. Lakini White hakuishia kwenye faili. Miaka ya 1970 alienda kuwauliza wenyewe, wakiwa wazee, na akachukua maneno yao kama wataalamu wa kazi yao. Watembezi ni tofauti na malaya, na malaya ni tofauti na wazi-wazi, na kila neno lina hesabu zake: nani anamfuata nani, wapi, chai inauzwa au haiuzwi, kodi inalipwa na nani. Ghafla hao si "makahaba wa Nairobi" tena. Ni wenye nyumba. Walijenga Pangani ya zamani na Pumwani, na wengi wakaziacha nyumba hizo kwa wanawake waliowachagua wao, si kwa baba wala kaka. Kama umewahi kupangishwa chumba na mathe mkali wa mtaani asiyetaja mume, sura zile utazisoma ukicheka na kunyamaza kwa zamu.

Lawama yangu kwa White ni ndogo ila ipo. Anapenda hoja yake. Mara nyingine mama anaanza kusema jambo la huzuni, na kabla hajamaliza tumeshafika kwenye uchumi. Naelewa kwa nini. Alikuwa anapigana na watu waliowaona wanawake hao kama uchafu tu. Lakini ningependa akae kidogo kwenye huzuni.

Kisha kuna Muthoni Likimani. *Passbook Number F.47927* kilitoka 1985, na kichwa chake peke yake kinanimaliza. Fikiria: miongo yote hiyo mwanamke hana kipande, halafu Hali ya Hatari inatangazwa Oktoba 1952, na muda si mrefu Mkikuyu, Muembu na Mmeru wa Nairobi anahitaji pasibuku ili kusimama tu barabarani. Karatasi ya kwanza ya serikali yenye jina la mama ya shosho yangu, kama iliwahi kuwepo, ilikuwa ruhusa ya kutokamatwa. Likimani aliliona hilo mapema, akaligeuza nambari kuwa jina la kitabu. Hadithi zenyewe, tuseme ukweli, hazilingani. Kuna mahali wahusika wanaongea kama wako jukwaani Kamukunji, na unajua mwisho kabla ya kufungua ukurasa. Lakini anapoandika kuhusu kazi za kulazimishwa, mitaro, foleni, mtoto mgongoni na askari wa nyumbani akipiga kelele, hakuna anayemfikia. Anaijua njaa ya saa kumi jioni. Faili la serikali haliijui.

Cha nne ndicho ninachowasukumia marafiki. Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwarekodi wanawake watatu wa Mombasa miaka ya 1970, Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy. Kwa Kiingereza kilitoka 1989, *Three Swahili Women*, na miaka miwili baadaye kikatoka kwa Kiswahili, *Wanawake Watatu wa Kiswahili*. Tafuteni hicho cha Kiswahili hata kama mtazunguka. Tafsiri ya Kiingereza ni safi lakini imevaa viatu. Kiswahili kimekaa mkekani. Akina bibi hawa wanaongea juu ya lelemama na mashindano yake, harusi, makungwi na mafunzo yao, watoto, waume waliokuja na kuondoka. Utumwa ulifutwa kisheria pwani yetu 1907, na kivuli chake kimo ndani ya mazungumzo, katika nani alikuwa wa nani na nani alikaa wapi kwenye ngoma. Hakuna anayekitolea hotuba. Unakiona jinsi unavyoona nyufa za ukuta uliopakwa rangi.

Kitabu hiki kinafaulu kwa sababu moja ya kawaida kabisa: kuna mtu alikaa chini akauliza, na wenye habari walikuwa bado hai. Hapo ndipo tulipochelewa sisi wa bara.

Nisiseme sisi wote. Kuna rafiki yangu wa Kibera, Mnubi, ambaye kwao wana sanduku la bati la kufa mtu. Wanubi wametunza karatasi kwa sababu wamelazimika. Babu zao walikuwa askari Wasudani, wakawa wa KAR, wakatengewa ardhi ile waliyoiita Kibra, msitu, mapema karne iliyopita, na tangu hapo wameulizwa kila mara: nyinyi ni wa wapi? Sensa iliwatambua kwa jina lao 2009. Hati ya ardhi walipewa 2017, ekari 288 kati ya zaidi ya 4,000 za mwanzo. Ndani ya sanduku kuna cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, pasi ya kukaa Kibera, picha za studio. Mpiga picha Greg Constantine alitoa kitabu 2011, *Kenya's Nubians: Then & Now*, kikiweka picha zake kando ya zile za zamani kutoka albamu za familia, na sina aibu kusema za zamani zinamshinda. Mabibi wamekaa wima, magauni ya hariri, mkono mmoja juu ya meza ndogo yenye maua. Zake ni nzuri, lakini zinaomba kitu. Zile za albamu haziombi kitu kwa mtu.

Hata hivyo angalia karatasi za sanduku kwa jicho la yule dobi wa London. Zote ni za mwanaume. Mwaka 1891, Lugard alipowachukua askari waliobaki wa Emin Pasha kule magharibi ya Ziwa Albert, walitoka watu zaidi ya 8,000. Askari walikuwa mamia tu. Wengine wote, maelfu, walikuwa wanawake, watoto na watumishi, na jeshi zima la historia limewaita "wafuasi". Mama ya mama za Kibera yumo humo ndani, kwenye tarakimu.

Nyumbani kwetu hatuna sanduku. Tuna majina. Kwa Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba, wa pili la mama ya mama. Shosho ni binti wa pili kwao, kwa hivyo alibeba jina la shosho yake, yule wa njaa: Nyambura. Mimi pia ni binti wa pili. Mathe akiwa na furaha huniita maitũ, mama yangu, na hatanii. Nilidhani nimepata daftari la sensa la kwetu, lenye kuruka kizazi kimoja na kurudi. Kisha nikagundua tatizo lake. Jina linarudi zima, lakini linafuta alama za miguu. Nyumbani husemwa Nyambura alipelekwa kwa watu wengine wakati wa njaa, ili apate kula, akarudi akiwa msichana mkubwa. Shosho alipokuwa anasimulia, sikuwahi kuwa na uhakika kama ni yule wa kwanza, au ni yeye mwenyewe utotoni, wakati wa Hali ya Hatari, alipopelekwa kwa shangazi. Nilipomuuliza alisema, "Si ni Nyambura?" Kwake hilo lilikuwa jibu kamili.

Kule Fort Smith, wakati wa njaa ile, Francis Hall alimwandikia baba yake Uingereza barua kuhusu maiti. Barua zimetunzwa vizuri. Katika barua kama hizo wanaokufa ni umati, na anayeandika ndiye pekee mwenye baba.

Rafiki yangu wa Kibera alipoenda kuchukua kitambulisho, aliambiwa asubiri siku ya kuhojiwa, aje na karatasi za wazee. Akaja na sanduku karibu zima. Afisa mmoja akapekua: cheti cha jeshi, pasi, kadi ya kliniki ya mama yake. Chini kabisa kulikuwa na picha ya studio ya bibi mmoja aliyesimama kando ya kiti kitupu, nyuma yake pazia limechorwa bustani. Rafiki yangu alikuwa ameibeba tu kwa sababu ilikuwa humo.

"Na huyu ni nani?" afisa akauliza.

Akamtaja jina. Afisa akaigeuza picha kutafuta maandishi nyuma, hakuyaona, akairudisha juu ya meza na kuomba karatasi inayofuata.