Mkato na Mpangilio wa Vivumishi: Uhakiki wa Kanuni ya Pumziko katika Ufundishaji wa Kiingereza Kanzenze, Rubavu

Mwaka 2008 Rwanda iliamua kwamba Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia. Kwa mwanafunzi wa Kanzenze, wilayani Rubavu, uamuzi huo ulileta mpangilio mpya wa maneno. Katika Kinyarwanda, sawa na Kiswahili kilichofanywa lugha rasmi nchini humo mwaka 2017, nomino hutangulia na maneno yanayoifafanua hufuata kwa upatanisho: “igitabo kinini gitukura”, “kitabu kikubwa chekundu”. Kiingereza hugeuza: “a big red book”.

Ufundishaji wa kimapokeo hueleza mkato kuwa alama ya pumziko fupi. Maelezo hayo hayatoshi. Katika “deep, fertile volcanic soil”, mkato mmoja tu unahitajika, ingawa msomaji anaweza kupumua popote. “Deep” na “fertile” zina hadhi sawa. Kila moja inaisifu nomino kivyake. “Volcanic” hutaja aina ya udongo, hivyo hushikamana na nomino bila mkato.

Kiswahili hudhihirisha uhusiano huohuo kwa njia nyingine: “udongo wa volkano wenye kina na rutuba”. Kitaja-aina kimekaa karibu na nomino, nacho kiunganishi “na” kimefanya kazi ya mkato. Mwanafunzi anayeishi kwenye udongo huo tayari anaitambua tofauti hiyo. Kinachokosekana ni mwalimu wa kumwonyesha.

Hata hivyo, kipimo cha “na” kina mpaka. “Kitabu kikubwa na chekundu” ni Kiswahili fasaha, lakini “big red book” haihitaji mkato. Hapa lazima kipimo cha pili kitumike ndani ya Kiingereza chenyewe: kubadilishana nafasi. “Fertile, deep soil” inakubalika. “Red big book” haikubaliki, kwa kuwa Kiingereza hutanguliza ukubwa kabla ya rangi. Kiswahili, kwa upande wake, huruhusu “chekundu kikubwa” bila kuvunja sarufi.

Kwa hiyo, mitaala ifundishe vipimo hivyo viwili kwa ulinganishi, ikianzia Kinyarwanda na Kiswahili. Watahini nao wasihamishie Kiswahili kanuni ya mpangilio isiyokuwa yake. Kumnyima mwanafunzi alama kwa kosa ambalo hakufafanuliwa ni kupima upungufu wa kanuni, si uwezo wake.