Kukana, Kudunisha na Kuhoji: Uhakiki wa Lugha ya Sheria dhidi ya Ukanaji wa Mauaji ya Kimbari nchini Rwanda

Ikisiri

Makala haya yanahakiki lugha ya Sheria Na. 59/2018 ya Rwanda kuhusu itikadi ya mauaji ya kimbari na makosa yanayohusiana nayo, kwa kuilinganisha na hukumu za mahakama mbili zilizoketi Arusha. Hoja kuu ni kwamba ukanaji wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi haustahili kinga kamili ya uhuru wa kujieleza, lakini sheria inayoupambanua kwa umbo la kauli badala ya nia na muktadha wake huishia kuwanasa watafiti na waombolezaji. Ushahidi unatolewa pia kutoka katika Kiswahili chenyewe, ambacho sasa ni lugha rasmi ya Rwanda na ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

1. Utangulizi

Tarehe 16 Januari 2010, mwanasiasa wa upinzani Victoire Ingabire Umuhoza, aliyekuwa amerejea nyumbani siku hiyo baada ya miaka mingi Uholanzi, alitoa hotuba fupi katika Kituo cha Kumbukumbu cha Gisozi mjini Kigali, mahali yalipozikwa mabaki ya watu zaidi ya 250,000. Aliwataja Watutsi walioangamizwa mwaka 1994. Kisha akawataja Wahutu waliouawa katika uhalifu dhidi ya binadamu, akasema kwamba nao wana ndugu wanaowalilia. Mwaka 2012 Mahakama Kuu ilimtia hatiani kwa kudunisha mauaji ya kimbari pamoja na kosa la njama, ikamhukumu kifungo cha miaka 8. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu iliongeza adhabu hiyo hadi miaka 15.

Tarehe 24 Novemba 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ilitoa uamuzi tofauti. Ilikubali kwamba ni halali kwa dola iliyopitia msiba kama ule kuwa na sheria dhidi ya ukanaji. Hata hivyo, iliona kwamba maneno yaliyotamkwa Gisozi hayakukana wala kudunisha mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, na hayakudai kuwa yalifanyika mauaji ya kimbari mawili. Hivyo haki ya kujieleza ilikuwa imevunjwa. Wakati huo Rwanda ilikuwa imekwisha kuondoa, mwaka 2016, tamko lake lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki mbele ya mahakama hiyo.

Mahakama mbili zilisoma hotuba moja, na kila moja ikasikia jambo lake. Wanasheria wameieleza tofauti hiyo kwa istilahi za haki na mipaka yake. Kilichoachwa nyuma ni swali la lugha: sheria hutumia kigezo gani kuamua kwamba kauli fulani ni ukanaji?

2. Ukanaji kama sehemu ya uhalifu

Wanaotetea uhuru wa kujieleza usio na mipaka hudai kwamba uongo huumbuliwa na ukweli pale vinaposhindanishwa hadharani. Historia ya Rwanda inaitia doa hoja hiyo. Ukanaji haukuanza baada ya mauaji, bali ulikuwamo ndani yake. Redio RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Kitenzi gukora, chenye maana ya kufanya kazi, kilitumika kumaanisha kuua. Aliyehimizwa kwenda kazini alikuwa amekwisha kupewa neno la kukania kitendo chake kabla ya kukitenda. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda iliyachambua matumizi haya katika kesi ya vyombo vya habari, iliyotolewa hukumu mwaka 2003 na rufaa yake mwaka 2007.

Mahakama hiyohiyo ilikwisha kutamka katika hukumu ya Akayesu, Septemba 2, 1998, kwamba kilichotendeka kilikuwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2006 Chumba chake cha Rufaa kiliamua kwamba tukio hilo ni jambo linalojulikana na wote, lisilohitaji tena kuthibitishwa katika kila shauri. Kwa hiyo anayelikana hatoi rai katika mjadala ambao bado uko wazi.

Kuna pia suala la ukaribu. Mahakama za Gacaca, zilizofungwa mwaka 2012, zilishughulikia takriban mashauri milioni 2, na waliotumikia adhabu wamerejea kuishi kwenye vilima vilevile na manusura. Mwaka 2015, katika shauri la Perinçek dhidi ya Uswisi, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliona kwamba Uswisi haikuwa na sababu ya kutosha ya kumwadhibu mtu aliyekana mauaji ya kimbari ya Waarmenia. Miongoni mwa sababu zake ni umbali wa mahali na wa wakati kati ya kauli na tukio. Kigezo hicho kikipelekwa Rwanda huleta jibu la upande wa pili, kwa sababu hapo hakuna umbali wa mahali, na wa wakati ni mfupi kuliko umri wa mtu. Ni kweli kwamba Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, katika Maoni yake ya Jumla Na. 34 ya mwaka 2011, inapinga sheria zinazoadhibu rai kuhusu matukio ya historia. Lakini kumwambia manusura kwamba aliowazika hawakuuawa kwa sababu ya asili yao si rai ya historia pekee. Ni kitendo anachotendewa mtu aliye hai.

3. Kiswahili na viambishi vinavyoficha

Kiswahili kilifanywa lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, na kimepewa hadhi hiyo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki pia. Hivyo istilahi zake kuhusu suala hili zina uzito wa kisera. Matumizi ya kawaida yanaonesha njia tatu ambazo kwazo ukweli wa 1994 hupotea bila msemaji kusema uongo wa wazi.

Njia ya kwanza ni uteuzi wa nomino. Mauaji ya halaiki hueleza wingi wa waliouawa, kwani halaiki ni watu wengi. Mauaji ya kimbari, yenye shina mbari, yaani ukoo, hueleza sababu ya kuuawa. Mkataba wa mwaka 1948 haukuweka idadi kuwa kiini cha kosa. Kiini chake ni nia ya kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Kuyatumia maneno haya mawili kama visawe, kama vyombo vingi vya habari vifanyavyo, ni kuifuta nia hiyo.

Njia ya pili ni kiambishi cha kutendana. Sentensi “Wahutu na Watutsi waliuana” ni sahihi kisarufi, na husikika kila mahali katika ukanda huu. Hata hivyo, kiambishi -an- huwafanya wote wawili kuwa watendaji na watendwa kwa kiwango kimoja. Nadharia ya mauaji ya kimbari mawili, ambayo wakanaji huitetea kwa vitabu vizima, hapa imebebwa na silabi moja. “Wanyarwanda waliuana” huenda mbali zaidi, kwa kuwa hata majina ya makundi hutoweka.

Njia ya tatu ni kauli ya kutendwa isiyotaja mtenda: “watu waliuawa”, “damu ilimwagika”, “machafuko yalitokea”. Mauaji hugeuka kuwa kitu kama mvua ya mawe, yaliyotokea bila aliyeyatenda.

Uchambuzi huu, hata hivyo, unakata pande mbili. Mwuza ndizi wa Bukoba au mwalimu wa Goma anayesema “waliuana” kwa kawaida hakani lolote. Anatumia tu umbo ambalo lugha imemzoesha. Kwa upande mwingine, mkanaji hodari anaweza kutamka “mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi” kwa ukamilifu wake na bado akayahalalisha katika sentensi inayofuata. Umbo la kauli huelekeza mahali pa kuchunguza, lakini halitoshi kuwa ushahidi wa kosa.

4. Sheria inavyoisoma kauli

Sheria ya mwaka 2003 iliadhibu ukanaji kwa kifungo cha miaka 10 hadi 20. Sheria Na. 18/2008 ilianzisha kosa la itikadi ya mauaji ya kimbari kwa adhabu ya miaka 10 hadi 25, na katika orodha ya matendo yake iliweka kudhihaki, kujigamba na kucheka msiba wa mtu. Hata watoto waliguswa: aliye chini ya miaka 12 angeweza kupelekwa katika kituo cha marekebisho. Mashirika ya haki za binadamu yaliikosoa, serikali ikaipitia upya, na sheria ya 2013 ikapunguza adhabu na kufafanua zaidi vipengele vya kosa. Sheria ya 2018 inaweka miaka 5 hadi 7 pamoja na faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000. Mwelekeo huu unastahili kutambuliwa, kwani ni wa kujisahihisha.

Hata hivyo, matini ya 2018 ina vifungu viwili vinavyohitaji kuhakikiwa. Kifungu cha 5, kinachohusu ukanaji, kinajumuisha kueleza kwamba mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi hayakupangwa. Katika hukumu ya Bagosora na wenzake ya Desemba 18, 2008, Mahakama ya Arusha iliwatia washtakiwa watatu hatiani kwa mauaji ya kimbari, lakini iliona kwamba njama yao ya kabla ya Aprili 6, 1994 haikuthibitishwa pasipo shaka. Mahakama haikusema kwamba hapakuwa na mpango, na Waziri Mkuu wa wakati ule wa mauaji, Jean Kambanda, alikuwa amekiri kosa la njama mwaka 1998. Je, mhadhiri anayewaeleza wanafunzi wake tofauti kati ya “haikuthibitishwa” na “haikuwapo” amelindwa na kifungu hiki? Matini haimjibu.

Kifungu cha 6, kinachohusu kudunisha, kinaadhibu kupunguza uzito au athari za mauaji. Serikali ya Rwanda hutaja vifo zaidi ya milioni 1. Umoja wa Mataifa kwa muda mrefu ulitaja 800,000, na shirika la Human Rights Watch mwaka 1999 lilikadiria watu wasiopungua 500,000. Mtafiti anayezitaja tarakimu zote tatu na kueleza mbinu zilizozizaa anafanya kazi yake. Anayeichagua ndogo ili kumwambia manusura kwamba analia kupita kiasi anadunisha. Tarakimu ni ileile, lakini tendo la usemi si lilelile.

Hapa ndipo ufafanuzi wa vitenzi unapohitajika. Kukana ni kukataa kulikiri jambo lililothibitishwa. Kudunisha ni kulikiri huku ukilinyima uzito wake. Kuhalalisha ni kulikiri na kuwabebesha waliouawa lawama. Kuhoji ni kutaka ushahidi na kuwa tayari kuupokea. Kuomboleza ni kumtaja maiti wako. Matendo matatu ya kwanza yanamlenga manusura na kumjeruhi. Mawili ya mwisho yanaweza kumuumiza, kama hotuba ya Gisozi ilivyowaumiza wengi, lakini maumivu hayo hayatoshi kuyafanya kuwa jinai.

5. Wafu wa jirani

Suala hili haliishii kwenye mipaka ya Rwanda. Nchini Burundi, mauaji ya Wahutu ya mwaka 1972 yalinyamaziwa rasmi kwa miongo kadhaa, hadi Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipoyatangaza kuwa mauaji ya kimbari mwezi Desemba 2021. Tume ya uchunguzi ya Umoja wa Mataifa nayo ilikuwa imeona mwaka 1996 kwamba Watutsi wa nchi hiyo walitendewa vitendo vya mauaji ya kimbari mwezi Oktoba 1993. Kuhusu Kongo, ripoti ya Umoja wa Mataifa ya Oktoba 2010 iliorodhesha matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003. Ilisema kwamba baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi Wahutu, yakithibitishwa mbele ya mahakama, yangeweza kuitwa mauaji ya kimbari. Serikali ya Rwanda iliikataa vikali ripoti hiyo.

Mkanaji hupenda kuyatumia matukio haya kama mizani: maiti wa upande huu dhidi ya maiti wa upande ule, ili deni lifutike. Sheria ina sababu ya kuikataa hesabu hiyo. Lakini kuwataja waliokufa Tingi-Tingi hakupunguzi hata mmoja kati ya waliozikwa Gisozi. Kihusishi dhidi ya, katika jina lililopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 2018, kinabainisha kundi lililokusudiwa kuangamizwa. Hakidai kwamba hakuna mtu mwingine aliyeuawa. Sheria inayosomwa kana kwamba jina hilo linafunga orodha ya wafu humpa mkanaji zawadi, kwa sababu humwezesha kujivika vazi la mtetezi wa waliosahauliwa.

6. Hitimisho

Uhuru wa kujieleza haupaswi kuwa ngao ya ukanaji wa mauaji ya kimbari mahali ambapo muuaji na manusura huteka maji kisima kimoja. Kwa upande mwingine, jinai inayotegemea umbo la kauli hudhoofisha ukweli inaotaka kuulinda, kwani ukweli usioruhusiwa kuhojiwa huanza kufanana na amri.

Mapendekezo matatu yanatokana na uhakiki huu. Kwanza, sheria za ukanaji katika ukanda huu zidai uthibitisho wa nia ya kuchochea chuki au kuwadhalilisha manusura, badala ya kutosheka na matini ya kauli. Pili, ziwe na kifungu bayana kinacholinda utafiti, ufundishaji, uchambuzi wa hukumu na maombolezo. Tatu, Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi za mauaji ya kimbari, kukana, kudunisha na kuhalalisha kabla ya sheria hizi kutafsiriwa, na iandae mwongozo wa matumizi kwa wanahabari na walimu. Kazi hii ya mwisho haihitaji polisi wala gereza. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa nini “waliuawa” si sawa na “waliuana” atautambua ukanaji hata pale ambapo hakuna hakimu wa kumwonesha.