Herufi Moja, Vigawanyo Viwili: Uhakiki wa Matumizi ya d katika Tafiti za Usomaji

Utafiti unaowapima wanafunzi walewale kabla na baada ya kufundishwa kusoma Kiswahili mara nyingi hufupishwa kwa tarakimu moja: d, yaani tofauti sanifu ya wastani. Uhakiki huu unashikilia kwamba tarakimu hiyo, pasipo kutajwa kigawanyo chake, haina maana thabiti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wanafunzi 25 wanapata wastani wa alama 40 kabla ya mafunzo na 46 baadaye. Mkengeuko sanifu ni 12 mara zote mbili, na uhusiano wa alama za awali na za baadaye ni 0.80. Tukigawa 6 kwa 12, d ni 0.50. Hata hivyo, SPSS toleo la 27, katika jaribio-t la jozi, isipoelekezwa vinginevyo, hugawa kwa mkengeuko wa tofauti zenyewe, ambao hapa ni 7.59, d inakuwa 0.79. Kwa vigezo vya Cohen, athari ya kati imekaribia kuwa kubwa, ilhali hakuna mwanafunzi aliyeongeza hata alama moja. Isitoshe, mipaka ya kuaminika ya asilimia 95 ya d hiyo ni takriban 0.3 hadi 1.2, upana usioruhusu majigambo.

Programu haijakosea, imejibu swali jingine. Atakayelinganisha matokeo hayo na ya makundi mawili huru atapotoka. Kwa hiyo mwandishi ataje kigawanyo, mipaka na uhusiano. Asipovitaja, mhariri amrudishie makala.