Mcheza Kwao Hutunzwa: Fanani, Hadhira na Darasa Katika Jukwaa la Bagamoyo

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii husikika sana katika hotuba za kufungua matamasha, na aghalabu hutajwa kana kwamba uzito wake wote umo katika neno la mwisho, yaani kwamba mchezaji atapewa fedha, atafungwa kanga na kupigiwa vigelegele. Sisi tunaona kuwa uzito wa methali umo katika neno la katikati, nalo ni kwao. Mchezaji hatunzwi kwa sababu tu amecheza. Hutunzwa kwa kuwa wanaomtazama wanaijua ngoma yake, wanatambua wapi amepatia na wapi amekosea, na wanaiona kuwa ni mali yao pia. Katika makala hii tunakusudia kuifanya methali hiyo kipimo cha sanaa za maonyesho huko Bagamoyo, tukianza na maonyesho ya mtu mmoja na kumalizia na madarasa. Swali letu ni moja: je, fanani wa jukwaa lile ana kwao?

Mji wa Bagamoyo uko katika Mkoa wa Pwani, kiasi cha kilometa 70 kaskazini ya Dar es Salaam. Wengi huujua kwa habari za misafara ya pembe na watumwa, na kwa kuwa makao ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891. Kwa wapenzi wa sanaa, Bagamoyo ina maana nyingine. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, na katika miaka iliyofuata vikaundwa vikundi vya taifa vya ngoma, sarakasi na maigizo. Vikundi hivyo vilipovunjwa, elimu ya wasanii wake haikuachwa ipotee. Mwaka 1981 kilianzishwa Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na waliokuwa wachezaji wakawa walimu. Jumba lake la maonyesho liliungua moto mwaka 2002, na baadaye likajengwa jingine. Mwaka 2007 chuo kiligeuzwa kuwa wakala wa serikali, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, ambayo wengi huiita TaSUBa. Tamasha lake, lililoanza katika miaka ya 1980, limewaleta pamoja wasanii wa mikoa mingi na wa nchi za nje.

Sasa tuutazame mchezo wa mtu mmoja. Wako wanaosema kuwa mtindo huu ni wa kuazima, na kwamba umeshamiri kwa sababu ya uhaba wa fedha. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni ya kweli. Mchezo wa watu kumi na wawili unadai nauli, posho na chakula cha watu kumi na wawili. Mchezo wa mtu mmoja unadai kigoda, kanga na taa. Lakini sehemu ya kwanza hatuikubali. Bibi aliyekaa jikoni baada ya chakula cha usiku, akawa sungura, akawa fisi, akawa mfalme na binti wa mfalme, alikuwa akifanya nini kama si mchezo wa mtu mmoja? Waandishi wetu waliligundua jambo hilo zamani. Ebrahim Hussein, baada ya Kinjeketile ya 1969 na Mashetani ya 1971, alitoa mwaka 1976 Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi, kazi mbili zilizoandikwa kwa ajili ya msimulizi mmoja. Penina Muhando naye, katika Nguzo Mama ya 1982, alimweka Bi Msimulizi jukwaani ayaunganishe matukio mbele ya watazamaji. Hawa hawakwenda ng'ambo kumtafuta msimulizi. Walimkuta nyumbani.

Lakini hapo ndipo kosa la watu wengi linapoanza. Wanadhani kwa kuwa anayesema ni mmoja, basi mchezo ni wa mmoja. Bibi yetu hakuwa peke yake. Aliposema paukwa alingoja pakawa, na pakawa ikitoka kwa uvivu aliirudia, kwa sababu alijua kuwa hadithi haijapata ruhusa ya kuanza. Mapema katika hadithi alifundisha wimbo mfupi, na wimbo huo ulirudi mara tatu au nne. Tulipokuwa tukiuimba, yeye alikuwa akivuta pumzi, akitutazama usoni, akipima kama watoto wanaogopa kupita kiasi au wamechoka, ndipo akajua aiendeshe vipi sehemu iliyobaki. Kwa hiyo kiitikio hakikuwa pambo. Kilikuwa mapumziko ya msimulizi, na kilikuwa sikio lake.

Tunalisema jambo hili kwa uchungu, kwa kuwa sisi wenyewe tumewahi kulikosea. Miaka mingi iliyopita, tukiwa afisa kijana katika wilaya moja, tulipewa kazi ya kutayarisha burudani ya kumpokea mgeni. Tulimwita mzee mmoja aliyesifika kwa ngano. Ratiba ilimpa dakika saba. Tulipomsikiliza katika mazoezi tukaona kuwa nyimbo ndizo zinazokula muda, tukamwambia, "Mzee wangu, wimbo tuuache, utoe hadithi peke yake." Akatujibu, "Mwanangu, wimbo si wangu. Ni wa hao watakaokaa." Tukashikilia saa yetu. Siku ilipofika alisimulia kwa dakika sita, akamaliza hata kabla ya muda. Watu walikaa kimya kama wanaosomewa tangazo la kodi. Mgeni alipiga makofi, mzee akapokea posho yake na kwenda zake. Mwaka uliofuata tulipompelekea mjumbe, alirudisha maneno machache: "Mwambieni bwana afisa kuwa hadithi imekwisha." Hatukupata kumsikia tena.

Basi tunapowakosoa vijana wa leo, tunawakosoa tukijua kuwa sisi tuliwatangulia katika kosa. Tumewaona wengi wakipanda jukwaani peke yao, na vipaji vyao havina shaka. Mmoja ataweza kuwa mama, karani na mtoto kwa kugeuza bega na kushusha sauti tu. Miili yao imefunzwa vizuri, na matamshi yao ni safi. Lakini makosa mawili yanarudi mara kwa mara. La kwanza ni kusema na taa. Mchezaji hukaza macho juu ya vichwa vya watu, akajifanya hawaoni, kana kwamba pana ukuta kati yake na mabenchi. Desturi hiyo ina mahali pake katika michezo ya namna fulani, lakini mtu anayesimulia hawezi kuitumia bila kujikata ulimi. La pili ni baya zaidi kwa sababu linajifanya jadi: mchezaji huanza kwa kusema paukwa, kisha asingoje jibu. Hutamka neno kama mtu anayebisha hodi huku ameshaingia chumbani. Hapo jadi imekuwa vazi, imeacha kuwa kazi.

Msomaji atauliza kwa nini basi vijana wa mijini huwajalia kumbi wachekeshaji wanaosimama peke yao na kipaza sauti. Jibu ni kuwa mchekeshaji, hata kama maudhui yake ni mepesi, analazimika kusikia. Kicheko kisipokuja, anajua papo hapo. Vivyo hivyo Mrisho Mpoto, anayeghani akiwa pekupeku, amewavuta watu wasiopata kununua kitabu cha mashairi maishani mwao, kwa sababu anawasemesha kama jamaa zake. Sisi washairi tuliozoea kuhesabu mizani tungejifunza kwao jambo hilo, bila kuitupa mizani yetu.

Tukitoka jukwaani tuingie darasani, tutaona kuwa ugonjwa ni uleule. Wanafunzi wa Bagamoyo hufundishwa ngoma za makabila mengi, na hili ni jambo la heri. Mtoto wa Kagera akicheza ngoma ya Mtwara, taifa limepata faida. Lakini ngoma ina mahali pake na kazi yake. Mdundiko wa Wazaramo ni ngoma ya kutembea; hupita mitaani, na kila nyumba inayopitwa hutoa mtu wa kuufuata, hata jioni ikaisha mtaa mzima uko nyuma ya ngoma. Ukiuweka mdundiko kati ya mapazia mawili kwa dakika tano, hatua zitabaki, lakini kule kuwazoa watu njiani kutakuwa kumekufa. Bugobogobo ya Wasukuma huchezwa kwa majembe, na mdundo wake ni wa watu wanaolima pamoja. Asiyejua uzito wa jembe atalirusha kama kijiti. Sindimba ya Wamakonde ndiyo iliyoonewa kuliko zote. Ilipofanywa ngoma ya kuburudishia wageni, kiuno kilibaki na mafunzo yakasahauliwa, mpaka leo watu wengi hudhani kuwa ilikuwa na kiuno tu.

Hatusemi ngoma isipande jukwaani. Utamaduni usiobadilika ni maiti, na vikundi vya taifa vilipoziunganisha ngoma za makabila vilitujengea umoja. Tunachosema ni kuwa mwalimu afundishe pia kile kilichoachwa nje ya jukwaa, ili mwanafunzi ajue anapunguza nini anapopunguza.

Mfano wa mwalimu wa namna hiyo tulikuwa nao. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Bagamoyo na kufariki mwaka 2003, alijulikana Ulaya na Japani kwa ilimba, zeze na sauti yake iliyopanda na kushuka kwa namna ya ajabu. Aliweza kukaa peke yake na ilimba mapajani na kuujaza ukumbi. Lakini muziki wa Wagogo ni muziki wa sauti nyingi zinazojibizana, na Zawose hata alipokuwa peke yake alipiga na kuimba kama mtu anayewasikia wenzake upande wa pili. Alipofundisha, elimu hiyo ilienda kwa jamaa na wanafunzi, na kizazi cha pili kikaendelea kupiga. Huyu alisafiri mbali na watu wake, na bado alikuwa na kwao.

Wako watakaotujibu kuwa wageni wa ng'ambo, wanaokuja kwa majuma machache kujifunza kupiga ngoma, huleta fedha, na kwamba paa halitengenezwi kwa methali. Tunakubali. Msanii ana watoto, na mwanafunzi anayemaliza masomo anatafuta ajira. Lakini tukumbuke pia kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mgeni hawezi kujua kuwa tembo lina maji, kwa kuwa hajapata kuonja lile la mwanzo. Atasifu kwa moyo mweupe. Anayeweza kumwambia mgema ukweli ni jirani yake tu, na jirani huyo asipokaa ukumbini, sanaa itaharibika katikati ya makofi.

Jirani huyo yuko wapi? Tumemwona mara nyingi nje ya ua wakati wa jioni. Ni watoto wanaosikia mazoezi, nao wakapiga madumu ya maji na ndoo mpaka wakaupata mdundo. Hao wameanza darasa bila mwalimu. Ni akina mama wanaorudi sokoni, wanaosimama kidogo, wakacheka mahali panapostahili kuchekwa, kisha wakaendelea na safari. Kicheko chao ni uhakiki bora kuliko huu wetu.

Kwamba mtazamaji anaweza kufanywa mwenye mali si ndoto. Katika miaka ya 1982 na 1983, walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Penina Muhando, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, katika nchi ya Wasukuma. Hawakwenda na mchezo uliokamilika. Wanakijiji walitafuta wenyewe tatizo lililowasumbua, likiwamo la wasichana kupata mimba wakiwa wadogo, wakalitia katika ngoma na maigizo yao, kisha wakalijadili hadharani. Pale hapakuwa na pazia, na aliyekuwa mtazamaji alisimama akasema.

Kutokana na hayo tunatoa mapendekezo matatu. Kwanza, mwanafunzi anayetayarisha mchezo wa mtu mmoja auonyeshe kwanza uani, mbele ya wenyeji wa Dunda, Magomeni au Kaole, na asipande jukwaani mpaka wamemwitikia. Pili, pawe na darasa la watoto wa mji lisilo la cheti, ambamo watafundishwa kuitikia, kupiga makofi kwa mpangilio na kutunza, kwa maana hadhira nayo hufundwa. Tatu, na hili tunajiambia sisi watumishi wa serikali, tunapoandika ratiba za kuwapokea wageni, tuupunguze urefu wa hotuba zetu kabla ya kuugusa wimbo wa msimulizi.

Mzee yule wa wilayani alitufundisha kwa maneno machache kuliko tuliyoyatumia hapa. Wimbo si wa msimulizi. Ni wa watakaokaa. Jukwaa la Bagamoyo lina wachezaji, lina walimu, lina paa. Likishapata wenyewe wa kukaa na kuitikia, fanani wake atakuwa na kwao, na kutunzwa kutafuata.