Nyati Wawili wa Mama

Sebuleni kwa mama yangu, Karatu, wametundikwa nyati wawili. Ukisimama mlangoni utaapa ni nyati mmoja aliyejirudia: mgongo umebinuka, pembe zimekutana juu ya paji la uso, nyuma yake anga la njano lenye vidoadoa vyeupe. Mmoja nilimnunua mwaka 2014 kwa kaka mmoja aliyekuwa akitandaza kazi zake kando ya barabara ya kwenda lango la Lodoare. Wa pili nilimnunua mwaka jana katika duka moja la vinyago, nikaambiwa ni kazi ya mkono, rangi bado mbichi kabisa.

Nilikuja kugundua baada ya miezi mitatu, tena kwa bahati. Begani mwa yule nyati wa pili kuna wingu jeupe ambalo nilidhani ni ubunifu. Nikawa nalisifia kwa wageni, jamani, mpaka leo naona haya. Siku umeme ulipokatika nikapitisha tochi ya simu ubavuni mwa picha, mwanga ukateleza kama unapita juu ya sakafu. Hakuna mlima wala bonde la brashi. Lile wingu ni mng'ao wa taa ya kamera: mtu alipiga picha mchoro wa mwenzake, akauchapa kwenye kitambaa pamoja na kosa lake mwenyewe. Na pale chini pembeni, penye sahihi, fremu imekata jina, zimebaki herufi mbili za mwisho.

Najua msomaji utanijibu nini. Tingatinga yenyewe si sanaa ya kunakiliana? Ndiyo, na hilo sitalikwepa. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vipande vya silingibodi, kwa rangi ya kung'aa ya aina inayopakwa baiskeli. Alifariki mwaka 1972 kwa risasi ya polisi, kwa makosa. Miaka minne tu! Kama wanafunzi wake na ndugu zake wasingerudia chui wake na ndege wake, leo tusingekuwa na cha kuzungumza. Ushirika wao wa Oysterbay, ulioundwa mwaka 1990, umelea wachoraji ambao kila mmoja amechora nyati asiyehesabika.

Lakini kurudia kwa mkono ni kama bibi anavyosimulia hadithi ya sungura aliyoisikia kwa bibi yake. Leo sungura ana hila zaidi, kesho fisi anapewa mistari miwili ya kujitetea. Nyati wangu wa kwanza ana jicho lililowekwa mwisho, tone zito la rangi nyeupe ambalo ukipitisha kidole (usipitishe) unalihisi limeinuka. Na jicho lile limekaa juu kidogo kuliko inavyopaswa, kwa hiyo nyati anaonekana kama mtu aliyeitwa jina lake ghafla. Nina hakika nyati aliyemtangulia hakuwa hivyo, na aliyemfuata hakuwa hivyo. Kwenye nakala ya kuchapwa jicho ni doa tu. Lipo mahali pake, halishtuki.

Hata hivyo sina ugomvi na mashine. Picha nzuri ya kuchapwa, yenye wino wa kudumu, karatasi isiyo na asidi, jina la mchoraji limeandikwa wazi na fungu lake amelipwa, ni kitu cha heshima, na kwa mwalimu wa shule ya msingi pengine ndiyo pekee anayoimudu. Ninachokataa ni kuuziwa chapa kwa jina la mkono, huku aliyechora hajui hata kama ng'ombe wake amekamuliwa.

Sasa nikiri na langu. Yule nyati halisi nimemtesa kuliko mwizi wake. Mwaka 2016 nilimtoa kwenye fremu nikamkunja kama chapati, rangi ikiwa ndani, nikampeleka Dar kwenye buti la basi. Rangi hii ikishazeeka huwa ngumu, ukiikunja inavunjika. Alirudi na nyufa nne tumboni. Kumbe picha inaviringishwa kwa ulegevu juu ya bomba pana, upande wa rangi ukiwa nje, na karatasi safi katikati. Kisha mama, kwa upendo, akamfuta kwa kitambaa cha maji na sabuni siku ya ugeni. Maji yakaingia kwenye nyufa, pamba ikavimba, vipande viwili vikadondoka.

Vumbi jekundu la Karatu linaondolewa kwa brashi laini na kavu, taratibu, kuanzia juu kwenda chini, na palipobanduka hapaguswi kabisa. Picha isiegemee ukuta unaovuja unyevu, maana masika ya huku na baridi la usiku huzaa ukungu. Weka vizibo viwili vya chupa nyuma ya fremu ili hewa ipite. Mchwa mnawajua.

Kuna mahali hukuhuku ambapo suala hili limeamuliwa kwa namna ya kushangaza. Mwaka 1978, huko Laetoli, ndani ya eneo la Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka kama milioni 3.6 iliyopita. Zilifukiwa ili zisiharibike, lakini miti ya migunga ikaota juu yake na mizizi ikaanza kupenya. Katikati ya miaka ya 1990 zilifukuliwa, zikatibiwa, zikafukiwa upya chini ya matabaka ya kuzuia mizizi. Mgeni anayefika makumbusho ya Olduvai anaonyeshwa nakala. Nakala ile inasema ni nakala, nayo inabeba macho ya watu wote ili ya asili ilale salama gizani.

Nikamsimulia mama. Akasikiliza, akauliza swali moja tu: "Sasa mwanangu, yupi asimame kwenye jua?" Ukuta wa dirishani unachomwa na jua kila alasiri. Tukambadilisha. Wa kuchapwa yuko pale, njano yake imeshaanza kupauka. Yule mwingine yuko koridoni, karibu na chumba cha mama, mbali na jiko. Mimi bado namtafuta mwenye zile herufi mbili. Barabarani nimeulizia mara tatu. Mmoja wa wachoraji aliitazama picha kwenye simu yangu, akacheka, akasema pembe zile anazijua, mwenyewe kahamia Mto wa Mbu.