Pa Kukaa Ndani ya Mashua

Fundi wa mashua wa Lamu hapangi viti mpaka ajue tanga litapita wapi. Mlingoti wa mashua umeinamia omo, yaani mbele, na foromali, boriti inayobeba tanga, huning'inia ubavuni mwake. Nahodha akibisha kuukabili upepo, kila anapogeuka mabaharia hawana budi kukisi tanga: foromali husimamishwa wima, ikapitishwa upande wa pili wa mlingoti, na demani, kamba ya tanga, ikabebwa kuzunguka kwa mbele. Ni kazi ya watu wawili watatu wanaokimbia pekupeku, nayo inataka uwanja. Ndiyo maana mbele huachwa wazi, hata mwenye chombo akilalamika kwamba pale pangeingia abiria wanne zaidi. Ukikuta mashua ya kupeleka watu mandari ina mabenchi hadi mguuni pa mlingoti, jua aliyeipanga anategemea injini.

Nyuma ya mlingoti ndipo kazi inapoanza kunoga. Kuna mbao za kukalia zinazokatiza chombo kutoka ubavu hadi ubavu. Abiria huziona kuwa viti tu; kwa fundi ndizo zinazozuia mbavu zisitanuke wala kubonyea upepo unapousukuma mlingoti na kiwiliwili chote kikaanza kujinyonga. Kwa hiyo ubao huo haupigiliwi tu ukaachwa. Miisho yake hulala juu ya papi iliyofungwa ndani kwenye mataruma, yaani mifupa ya chombo, na hapo hapana pembe mraba hata moja: ukuta wa mashua umelala nje, umepinda kuelekea omo, na mataruma yenyewe ni vigogo vya mkoko vilivyochaguliwa kwa mkunjo wao wa asili. Fundi huuweka ubao, hupiga alama, huutoa, huuchonga kidogo kwa tezo, huurudisha. Hutazama upenyo wa mwanga kati ya ubao na ukuta. Hutoa tena. Anayetazama kwa mara ya kwanza anaweza kudhani mtu huyu hajui vipimo, kumbe anakataa kumalizia kwa nguvu ya nyundo kile ambacho hakijakaa chenyewe.

Kisha kuna suala la kimo, na hapa seremala wa nyumbani akialikwa kusaidia huharibu. Kiti cha sebuleni hufika kama shibiri mbili, yaani dhiraa moja, karibu sentimita 45. Kwenye mashua ndogo hiyo ni juu mno. Uzito wa watu ukipanda, chombo hulala upesi upepo ukizidi. Fundi hushusha kikao hadi shibiri moja na nusu hivi, halafu hulipia kwa upana: anayetaka kunyoosha miguu anyooshe, na aliyezoea kukunja miguu mkekani akae kama yuko barazani kwake. Wageni wengi huja wakitaka kiti chenye mgongo mrefu. Baada ya muda kidogo majini nao huteleza wakakaa chini, mgongo umeegemea ubavu wa chombo, mahali ambapo fundi tangu mwanzo alikusudia waegemee.

Abiria, kwa hesabu ya fundi, ni farumi inayozungumza, uzito wa kukisawazisha chombo. Wakijazana shetri, nyuma huzama na chombo huburuta maji. Wakijazana omo, pua huchimba mawimbi na usukani hukosa utiifu. Upepo ukikaza inabidi wahamie goshini, ule upande unakotoka, na uamuzi wa kugeuka ukitolewa wavuke kwenda upande wa pili. Benchi zuri basi halina mikono wala vigawanyo vya kuwazuia wasisogee. Katika mashindano ya Lamu jambo hili hufikishwa mwisho wake: ubao hutolewa nje ya chombo, goshini, na mabaharia huupanda kwa kupeana zamu za ujasiri, miili yao ikining'inia juu ya maji ili tanga lisiilaze mashua. Sijui kikao kingine kinachofanya kazi kubwa zaidi. Viti vya plastiki vya bustani, ambavyo siku hizi baadhi ya wenye vyombo huvipanga kwa safu, ni kinyume cha elimu hii yote. Mashua ikilala kidogo, kiti na aliyekikalia huondoka pamoja kwenda demani, upande uliolala.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Mbambakofi hudumu, na msaji una mafuta yake yenyewe. Mwembe ni rahisi kupata, ila maji ya mvua huuozesha, maana adui wa mbao za mashua mara nyingi ni maji matamu kuliko ya chumvi. Msumari wa chuma kitupu hushika kutu, na kutu hiyo huhamia kwenye kanzu ya mtu siku ya sikukuu. Kuhusu mito, sponji ya kawaida hunywa maji, na kitambaa kilichokauka na chumvi yake hakikauki kweli, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu wa hewani. Usufi ni mwepesi na haupendi maji. Zamani ulijazwa hata ndani ya jaketi za kuokolea maisha.

Ninachokipenda kuliko vyote hakionekani. Pitisha vidole chini ya ukingo wa benchi: mbao mbovu zitakuchoma vibanzi, lakini fundi wa kweli amepiga randa hata huko, kwa sababu wimbi likija ndipo mkono wa abiria unapokamata. Na juu, katikati ya ubao ulio karibu na mahali pa kupandia, hakupaka vanishi ya kung'aa. Kabla ya kuwa kiti, ubao ule ni ngazi. Watu huja na miguu iliyolowa kutoka majini kwa sababu maji yamekupwa na gati haifikiki.

Nahodha peke yake hatengenezewi kiti cha maana. Hukaa ukingoni shetri, kana, mpini wa usukani, ikiwa kwapani, au husimama. Lakini viti vya wengine wote hupimwa kwa jicho lake: kabla ya misumari ya mwisho, fundi huwaketisha vijana wa karakana penye nafasi za abiria, kisha yeye hushika kana na kutazama omo. Kichwa kikiziba, benchi hushushwa.